Majaribio mawili, majibu mawili: ushike lipi?

Wiki chache zilizopita mama mmoja mtu mzima aliingia kwenye duka la dawa ninakofanya kazi, Tandika. Akakaa kwenye benchi mpaka wateja wote wakaisha, kisha akaweka simu yake juu ya kaunta.

"Mwanangu, nisomee hizi mbili. Mmoja wao ananidanganya."

Ujumbe wa kwanza ulisema utafiti uliofanyika Dar es Salaam umeonyesha kuwa vitamini zinachelewesha Ukimwi na kupunguza vifo. Wa pili, kutoka kundi lilelile la WhatsApp, ulisema utafiti uliofanyika Dar es Salaam umeonyesha kuwa vitamini hazimwongezei kitu mtu anayetumia ARV, tena zinagusa ini. Ndani ya mkoba wake kulikuwa na chupa ya vitamini aliyoinunua Kariakoo kwa faida ya siku tatu za genge lake. Alichotaka kujua ni kimoja: aendelee nayo au aache?

Hakuna aliyemdanganya. Majaribio yote mawili yalifanyika kweli, hapa hapa mjini, na matokeo yake yakachapishwa kwenye majarida makubwa ya udaktari. Lakini kila jaribio la kitabibu hujibu swali moja, kwa watu wa aina fulani, waliolinganishwa na wenzao waliopewa kitu fulani. Ukibeba jibu ukaliacha swali, unabaki na ujumbe wa WhatsApp tu. Nilimweleza yule mama kwa haraka kwa sababu mteja mwingine alikuwa ameshaingia. Hapa naeleza kwa nafasi, na nimeongeza magonjwa mengine ambayo watu huniuliza kila wiki. Kila mahali nasema mimi ningeshika jaribio lipi, na kwa nani.

Vitamini kwa mwenye virusi vya Ukimwi

Jaribio la kwanza lilianza mwaka 1995. Wajawazito 1,078 wenye virusi waligawanywa kwa kura: wapo waliopewa vitamini B, C na E, wapo waliopewa vitamini A, wapo waliopewa zote pamoja, na wapo waliopewa vidonge visivyo na kitu ndani. Walifuatiliwa hadi 2003. Kati ya wanawake 271 waliopata B, C na E, 67 walifika hatua ya nne ya ugonjwa au walifariki. Kati ya 267 waliopata vidonge vitupu, walikuwa 83. Kwa asilimia ni 24.7 dhidi ya 31.1. Vitamini A haikufua dafu: ilipochanganywa na zile nyingine ilipunguza faida yake, na watoto wa wanawake walioitumia waliambukizwa kwa wingi zaidi.

La pili liliandikisha watu kati ya 2006 na 2008, wagonjwa 3,418 waliokuwa wanaanza ARV kwenye kliniki saba za Dar es Salaam. Nusu walipewa vitamini za dozi kubwa, nusu wakapewa vitamini za dozi ya kawaida, ile inayotosha mahitaji ya siku. Machi 2009 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu kipimo cha ini kiitwacho ALT kilikuwa kinapanda zaidi kwa waliokuwa kwenye dozi kubwa. Kuhusu kuendelea kwa ugonjwa na vifo, makundi mawili hayakutofautiana.

Sasa yaweke ubavu kwa ubavu. Wale wanawake wa 1995 hawakuwa na ARV. Serikali ilianza kuzitoa bure kuanzia 2004, mwaka uleule matokeo yao yalipochapishwa. Kwa hiyo jaribio la kwanza liliuliza hivi: kwa mtu asiye na dawa ya kumfubazia virusi, je, vitamini ni bora kuliko kutopewa chochote? Ndiyo, zilisaidia, na kwa wakati ule lilikuwa jambo kubwa mno. Jaribio la pili liliuliza swali jingine kabisa: kwa mtu aliye kwenye ARV, je, vitamini nyingi ni bora kuliko vitamini za kawaida? Hapana.

Kuna kitu ambacho watu hukiruka, hata wahudumu wenzangu. Kwenye jaribio la pili hakuna aliyenyimwa vitamini. Kwa hiyo anayesema "imethibitika vitamini hazina kazi kwa mtumiaji wa ARV" ameongeza la kwake. Kilichothibitika ni kwamba kuzidisha hakusaidii, na ini linaweza kulipa gharama.

Mama yule anatumia ARV kwa miaka mingi. Niliisoma chupa yake: vitamini B kadhaa zilizidi mahitaji ya siku mara nyingi. Kwa mtu kama yeye jaribio la kushika ni la pili, na nilimwambia hivyo bila kusitasita. Chupa aiweke pembeni, aende nayo kliniki siku ya kuchukua dawa zake, waione. Kama chakula kinapungua nyumbani, dozi ya kawaida ya bei nafuu inatosha, na hiyo pia aizungumze na muuguzi wake. ARV haziguswi.

Wanaoniuliza vitamini D nawajibu kwa kifupi. Imejaribiwa Dar es Salaam kwa watu 4,000 waliokuwa wanaanza ARV, matokeo yakatoka 2020: haikupunguza vifo wala kifua kikuu cha mapafu.

Kalisi kwa mjamzito: kidonge kimoja au vitatu?

Hapa ndipo majaribio yanapoingia jikoni kwa mtu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wajawazito wa nchi ambazo kalisi ni haba kwenye chakula wapate miligramu 1,500 hadi 2,000 kwa siku, kwa ajili ya kuzuia presha ya mimba inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Ukitumia vidonge vya miligramu 500, hivyo ni vitatu angalau, na si vidogo. Ni vinene, vina ladha ya chaki, na haifai kuvimeza pamoja na vidonge vya kuongeza damu, kwa hiyo ratiba ya siku inagawanyika vipande vipande. Nimeona wanawake wakianza na nguvu zote, wiki ya tatu kopo linarudi kabatini likiwa nusu.

Januari 2024 yalichapishwa majaribio mawili pacha: moja Bangalore, India, na jingine Dar es Salaam, kila moja na wajawazito 11,000. Utaratibu ulikuwa mmoja, dozi zilezile mbili, 500 dhidi ya 1,500 kwa siku, na wala mjamzito wala aliyempima hakujua nani yuko kundi lipi. Walichotaka kujua si kama dozi ndogo ni bora, bali kama haipitwi na kubwa kwa kiasi cha kutisha.

Kwa upande wa presha ya mimba, India waliougua walikuwa asilimia 3.0 kwa dozi ndogo na 3.6 kwa kubwa. Dar es Salaam walikuwa 3.0 kwa ndogo na 2.7 kwa kubwa. Kote kuwili tofauti ilikuwa ndani ya mpaka uliowekwa mapema: dozi ndogo haikushindwa.

Kwa watoto njiti majibu yakaachana. India, waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa asilimia 11.4 kwa dozi ndogo na 12.8 kwa kubwa, mambo shwari. Dar es Salaam walikuwa 10.4 kwa ndogo na 9.7 kwa kubwa. Tofauti hiyo ni ndogo, na inaweza kuwa imetokea kwa bahati tu, lakini hesabu haikuweza kuondoa uwezekano kwamba dozi ndogo inapitwa kuliko mpaka uliokubaliwa. Wengi walioeneza habari hii walinukuu sentensi ya presha, hii ya njiti wakaiacha.

Mimi nikiwa mbele ya mjamzito wa Dar es Salaam, nashika jaribio la Dar es Salaam, lote, pamoja na sehemu yake isiyopendeza. Anayeweza kumeza vitatu bila shida, na kliniki yake imempa vitatu, aendelee navyo. Lakini yule ambaye ukweli wa maisha yake ni kimoja au sifuri, kimoja kwa siku ni bora sana kuliko kopo lililolala kabatini, na sasa kuna ushahidi wa kumwambia hivyo bila kumdanganya. Aseme kliniki, wasimkaripie.

Kuna mama mkwe alikuja kuulizia haya kwa niaba ya mke wa mwanawe, mimba ya pili. Nikamwambia, mama, majaribio yale mawili yaliandikisha wenye mimba ya kwanza tu, tena walioanza kliniki mapema, kabla ya wiki 20. Mkwe wako hakuwemo. Haina maana kwamba matokeo hayamhusu hata kidogo, lakini kwake ni makadirio, na daktari anayejua historia ya mimba yake iliyopita ana uzito kuliko jaribio lolote.

Mtoto mwenye homa kali: sindano, na dripu

Hapa kuna majaribio mawili yanayokubaliana, kisha jaribio moja linaloumiza.

Mwaka 2005 jaribio la nchi nne za Asia, wagonjwa 1,461 wa malaria kali, wengi wao watu wazima, lilionyesha kwamba sindano ya artesuneti inapunguza vifo kuliko kwinini: asilimia 15 dhidi ya 22. Wengi Afrika walisita, na walikuwa na haki ya kusita. Wagonjwa wetu ni watoto, na malaria kali ya mtoto haifanani na ya mtu mzima. Ndipo likafanyika la pili, watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, kwetu likiwa Korogwe na Muheza. Matokeo ya 2010: vifo asilimia 8.5 kwa artesuneti, 10.9 kwa kwinini. Watu tofauti, bara tofauti, jibu lilelile. Majaribio yakikubaliana hivyo, huhitaji kuchagua. Ukisikia mtu anadai kwinini ya dripu ndiyo "dawa kali" ya malaria, ni mazoea yanayozungumza.

Kuhusu dripu yenyewe, naomba uisome sehemu hii taratibu. Sisi Dar es Salaam tunaipenda dripu. Mgonjwa ambaye hakutundikiwa dripu, ndugu huona hakutibiwa. Na zamani hata vitabuni iliandikwa kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu haimzunguki vizuri aongezewe maji kwa kasi. Jaribio liitwalo FEAST lilipima jambo hilo kwa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Kundi moja lilipewa maji ya chumvi kwa kasi, la pili albumini (maji yenye protini ya damu) kwa kasi, la tatu halikuongezewa kasi, likapata maji ya kawaida ya polepole. Ndani ya saa 48 vifo vilikuwa asilimia 10.5 na 10.6 kwa makundi mawili ya kasi, na 7.3 kwa kundi la polepole. Januari 2011 waandikishaji waliambiwa wasimamishe.

Asilimia tatu inaonekana ndogo mpaka uihesabu kwa vichwa: kati ya kila watoto mia waliosukumiwa maji, watatu wangekuwa hai kama wasingesukumiwa.

Ila angalia na waliokuwa nje ya jaribio. Watoto wa kuhara na kutapika, pamoja na wenye utapiamlo mkali, hawakuandikishwa. Mtoto aliyekauka kwa kuhara anahitaji maji, na FEAST haisemi vinginevyo. Ukimpeleka mtoto mwenye homa na daktari akakwambia hamtundikii dripu ya haraka, usimlazimishe. Ukimpeleka aliyeharisha usiku kucha, usimzuie daktari kwa sababu ulisoma kwamba dripu inaua.

Presha: hadi wapi ishuke?

Mwaka 2015 jaribio la Marekani liitwalo SPRINT lilitangaza kwamba kushusha namba ya juu ya presha hadi chini ya 120, badala ya kuishia chini ya 140, kunapunguza mshtuko wa moyo, kiharusi, moyo kushindwa kazi na vifo vya moyo kwa robo. Watu 9,361. Robo ni neno zito, lakini kwa vichwa ni 243 kati ya 4,678 dhidi ya 319 kati ya 4,683, kwa muda wa miaka mitatu na kidogo. Na waliobanwa chini ya 120 walizimia na kupata matatizo ya figo kwa wingi zaidi. Faida ipo, mzigo nao upo.

Miaka mitano kabla, jaribio la ACCORD lilikuwa limepima malengo hayohayo kwa watu 4,733 wenye kisukari na halikupata tofauti iliyo wazi kwa jumla, ingawa kiharusi kilipungua. SPRINT haikuandikisha mwenye kisukari hata mmoja. Kwa miaka mingi ikawa inasemwa: chini ya 120 ni ya wasio na kisukari. Kisha 2024 likaja la China, BPROAD, watu 12,821 wenye kisukari, na kundi la chini ya 120 likapata matukio ya moyo na kiharusi pungufu kwa takribani asilimia 21. ACCORD haikukosea. Idadi yake ilikuwa ndogo kwa swali kubwa, na "hatukuona tofauti" tukaisoma kama "hakuna tofauti". Kati ya haya mawili, kwa mwenye kisukari aliyevuka miaka 50, naegemea lililo kubwa.

Lakini kabla hujadai dozi iongezwe, fikiria namba yako imetoka wapi. SPRINT walimkalisha mtu kimya dakika tano, mashine ikapima yenyewe mara tatu, wakachukua wastani. Mzee mmoja alikuja dukani kwetu ametoka kusimama kwenye daladala kutoka Mbagala, jasho linamtoka. Shikamoo, marahaba, mkono kwenye mashine: 158. Nikamwomba akae, asiongee, nikahudumia wengine. Nilipompima tena ilikuwa 141. Ukilinganisha 158 hiyo na 120 ya SPRINT, unalinganisha vitu viwili visivyofanana.

Kuhusu dawa ipi, jaribio la kushika kwetu ni CREOLE la 2019, wagonjwa weusi 728 katika nchi sita za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya na Uganda zikiwemo. Michanganyiko yenye amlodipini, iwe na haidroklorothayazaidi au na perindopril, ilishusha namba ya juu ya presha kwa takribani tatu zaidi ya mchanganyiko usio na amlodipini. Lilipima presha kwa miezi sita, halikuhesabu viharusi, kwa hiyo lisibebeshwe zaidi ya hapo. Lakini linajibu swali la watu wanaofanana na wateja wangu, na dawa zake nyingi ziko kwenye rafu za kawaida.

Lengo lililoandikwa kabla

DarDar lilikuwa jaribio la chanjo ya kifua kikuu kwa watu 2,013 wenye virusi vya Ukimwi, hapa Dar es Salaam, lililoanza 2001. Lengo kuu lililosajiliwa, yaani kitu ambacho watafiti walisema watakipima, lilikuwa kifua kikuu kilichosambaa mwilini: 7 kwa waliochanjwa, 13 kwa wasiochanjwa, wachache mno kuamua. Lengo la pili lilikuwa kifua kikuu kilichothibitishwa kwa jumla: 33 dhidi ya 52, pungufu kwa asilimia 39. Ukisoma mahali kwamba "chanjo ilishindwa" na kwingine kwamba "ilifanikiwa", kila mmoja amechukua mstari wake. Kwangu ni tumaini lililohitaji jaribio jingine. Ndiyo sababu majaribio husajiliwa kabla ya kuanza, kwetu yakiwa na rejista ya Tanzania na kibali cha TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa: lengo likishaandikwa, atakayelibadilisha baada ya kuona majibu ataonekana. Na kwenye rejista hizo neno "limekamilika" lina maana kwamba ufuatiliaji umeisha tu. Halisemi dawa ilifanya kazi.

Kifurushi

Nimeacha hili la mwisho kwa sababu nalipenda. REMSTART lilifanyika Dar es Salaam na Lusaka, watu 1,999 waliokuja kliniki wakiwa wamechelewa sana, CD4, yaani chembe za kinga ya mwili, chini ya 200. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. La pili likaongezewa vitu viwili: kipimo cha damu cha fangasi anayeshambulia utando wa ubongo, na watu wa kawaida waliofunzwa, si madaktari, wa kuwatembelea nyumbani kila wiki kwa wiki nne za mwanzo za ARV. Baada ya mwaka mmoja, waliofariki walikuwa 180 kati ya 998 kwa huduma ya kawaida, na 134 kati ya 1,001 kwa waliotembelewa.

Huwezi kujua ni kipimo au ni zile hodi mlangoni, kwa sababu vilitolewa pamoja. Anayetaka kununua kipimo peke yake, au kulipa watembeleaji peke yao, jaribio hili halimwambii kama atapata matokeo yaleyale. Ushahidi uliopo ni wa vyote viwili. Kwa hiyo mtu wako akianza ARV amedhoofika, ulizia kipimo hicho kliniki, na wiki nne za kwanza apatikane mtu wa kumpigia hodi.